Mwanga Usioshikwa na Mtu

Maguu,
16 Novemba 1997

Mdogo wangu Tarsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama anakusalimu, na anauliza kama huko Mbinga mjini wamekukata miguu, maana huonekani nyumbani. Naandika haraka, mbeba barua amesimama mlangoni na mvua imesimama naye.

Baba hatoki kwenye tundu. Unajua alivyosema kwenye sengu, wanaume wote wa ukoo wamekaa kwenye chakula: atatoboa kilima mpaka kwenye kijito cha upande wa pili, maji yaje yenyewe kwenye mashine ya kumenyea kahawa, tuache kuwauzia hawa wanunuzi wapya matunda mabichi huku wanatucheka. Akaapa kwamba kahawa ikiiva kabla hajafika kwenye maji, kiti chake cha ukubwa akichukue baba mdogo Edmund. Tangu siku hiyo yeye na kaka Hyasinti wanaingia mle alfajiri na kutoka giza, na mvua za mwaka huu si mvua, ni adhabu.

Ninachoogopa ni hiki. Kijito kiko kulia. Kushoto, huko juu, kuna kile kinamasi, na sasa kimejaa hata ng'ombe hawathubutu. Nikiwapelekea chakula naona tundu linakunja kushoto. Wanachimba kama wanavyochimba ngolo, yale mashimo ya shamba la mahindi, jembe linavuta udongo upande mmoja, mkono umezoea hivyo tangu utoto. Dari imeanza kudondosha maji yanayonuka tope. Wakifika chini ya kinamasi, kitawashukia.

Watoto wa baba mdogo walivuta kamba wamwonyeshe baba tundu linavyopinda. Baba akasema wameipinda makusudi. "Kamba inashikwa na mtu, na mtu ana lake moyoni. Nileteeni kitu kilichonyooka kisichoshikwa na mtu, hapo nitaamini." Wewe ulinitambia una taa ya wazungu inayotoa mstari mwekundu ulionyooka kuliko uzi. Kama haukuwa uongo wako wa kila siku, ilete. Na mambo ya sengu usiyatoe nje ya ukoo. Baba akisikia yamefika kwa watu baki, mimi si mwanawe tena.

Dada yako,
Aurelia


Mbinga mjini,
19 Novemba 1997

Kwa Mheshimiwa Fundi Hamidu, mganga wa redio zote zilizokata kauli mwambao wa Mbamba Bay!

Shikamoo, ingawa umenizidi miaka michache tu na ndevu chache zaidi. Ni mimi, Tarsisi, yule uliyemwambia akitoka kwenye kibanda chako atarudi kwenye jembe la baba yake. Sijarudi. Nina meza yangu hapa nyuma ya soko, nina wateja, na wengine wanaondoka wakicheka.

Sasa kaa chini usianguke. Nina leza, ile taa ya mstari mwekundu. Usiulize nimeipata wapi, haya, uliza. Wale wazungu waliokuwa wanapima njia ya bomba la maji walikuwa na boksi la kunyooshea mabomba. Lilinyeshewa, pawa saplai ikaungua, wakalitupa. Wao waliona takataka, mimi niliona mali. Ndani kuna tyubu ya kioo, urefu kama kutoka kiwiko mpaka kidoleni, vioo viwili vidogo miisho yote, na karatasi imeandikwa heliamu na neoni. Haina hata ufa.

Nataka kuiwasha kwa ajili ya disko la Krismasi. Vijana wa Mbinga hawajaona kitu. Nina flaibeki ya TV ndogo, ile inayozaa volti kubwa, nina betri ya gari, nina transista kubwa ya kuisukuma. Mimi niliishia kidato cha pili lakini akili haikuishia pale, kwa hiyo sihitaji hotuba. Niambie tu inataka volti ngapi, na waya uende wapi.

Ah, na jambo lingine dogo. Huo mstari wake, ukienda mbali, haupindi kweli? Ukumbi wetu ni mrefu kidogo. Na una giza. Na una unyevu.

Nijibu upesi, disko haliwezi kungoja. Mpe jibu Mama Walburga, yule muuza usipa, anapanda huku kila akipata mzigo. Najua barua itanukia samaki, nitaisoma nimebana pua.

Mimi, bingwa,
Tarsisi


Mbamba Bay,
27 Novemba 1997

Kwako Tarsisi, mwana wa Bernadi,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa kibandani, na waliokuwa wakingoja video wakasema wewe ndiwe picha yenyewe.

Nakujua. Uliunguza TV ya mteja wangu ukasema imeungua kwa furaha ya kukuona. Leo unataka kubeba volti elfu kumi ukaziweke katikati ya walevi wanaoruka ruka gizani, sakafu ina unyevu! Disko lenye unyevu, Tarsisi? Mnacheza kisimani?

Nilipokuwa chuo cha ufundi Dar es Salaam tulikuwa na tyubu kama hiyo maabara, na mwalimu aliiwasha mkono mmoja umo mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Tyubu ile kuamka inataka kishindo, volti elfu nane, elfu kumi. Ikishaamka inatosheka na elfu moja na kitu, na mkondo mdogo sana. Usipoweka rezista ya kuishika breki itakuwa inapepesa kama jicho la mwongo. Rezista hiyo ikae jirani kabisa na tyubu, kama mtoto mgongoni, isiachwe mbali. Hayo nakupa bure.

Miisho yake miwili haifanani, kila mmoja una kazi yake. Hilo sikwambii. Ukitaka kulijua, teremka mlima uje hapa, uombe radhi kwa ile TV, nikuonyeshe kwa mkono wangu. Sitaki kusikia mtoto wa mtu amekauka kwenye waya kwa sababu ya muziki.

Mstari wake haupindi. Anayepinda ni wewe.

Hamidu


Mbinga mjini,
6 Desemba 1997

Mheshimiwa,

IMEWAKA! Ndiyo, nimeandika kwa herufi kubwa ili uzisikie huko chini. Bila kuteremka mlima, bila kuomba radhi. Ingawa rezista nimeiweka ulivyosema, na kule kupepesa kukaacha. Nakushukuru kidogo tu, usivimbe.

Ulidhani kunificha miisho kutanizuia? Wewe mwenyewe ulinifundisha, tena kwa makofi: katika TV, waya mnene wa flaibeki unaingia kwenye tumbo la tyubu, na shingoni ndiko hasi. Basi nikaitazama leza. Mwisho mmoja una kopo kubwa la bati ndani ya kioo, hilo ndilo tumbo. Mwisho wa pili ni mwembamba, hiyo ni shingo. Waya mnene nikaupeleka kwenye tumbo, hasi shingoni, rezista ikabebwa na hilo tumbo kama mtoto. Nikagusa betri. Bwana we! Tyubu ikajaa rangi ya embe bivu, na kule ukutani, ng'ambo ya uwanja, nukta nyekundu kama tone la damu. Kuku wa jirani akaifukuza. Watu walijaa wakadhani nina shetani. Nikawawashia mara nyingi sana, kila aliyekuja na mwenzake.

Swali la pembeni, si kwamba nina wasiwasi. Shingo inapata moto, kidole hakikai. Na leo nukta ni hafifu kuliko juzi. Betri nimebadili, hali ni ileile. Ni kawaida yake kuchoka, kama watu? Itapumzika irudi?

Nijibu kwa Mama Walburga. Nijibu siku hiyohiyo, Kaka Hamidu. Disko limewahishwa.

Tarsisi


Maguu,
12 Desemba 1997

Tarsisi,

Uko wapi? Juzi jiwe limetoka darini likampiga kaka Hyasinti mguu. Mfupa umevunjika. Tumemfunga mbao, barabara ya hospitali imekatika. Nilidhani baba atakoma. Amesema mguu wa Hyasinti umemwonyesha kuwa jiwe gumu linaanza, na penye jiwe gumu maji hayako mbali. Sasa anachimba peke yake.

Jana nilimshika miguu nikalia. Akaniinua taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, nikiacha leo, kesho nitakaa wapi kwenye sengu? Mlangoni pamoja na vitoto?" Akaingia.

Njoo hata kama taa yako haiwaki. Njoo tumtoe kwa nguvu.

Aurelia


Mbamba Bay,
14 Desemba 1997

Tarsisi,

ZIMA. Soma neno hilo kwanza, kazime, ndipo uendelee kusoma.

Umegeuza. Hiyo si TV. Lile kopo kubwa la bati ndilo hasi, nalo limefanywa kubwa ili livumilie kipigo. Mwisho mwembamba ndio chanya, na hapo ndipo waya mnene wa flaibeki ulitakiwa kuingia, na rezista yake jirani. Wewe umembebesha mtoto mzigo wa mama. Kila dakika iliyowaka hivyo, chuma cha mwisho mwembamba kinalika na kurukia kioo kidogo kwa ndani. Ndiyo maana kunachemka. Ndiyo maana nukta inafifia. Haijachoka na haitapumzika ikarudi. Inapofuka, na kwa ndani hakuna kitambaa kinachofika.

Ningekuambia mara ya kwanza haya yasingetokea. Nilikunyima kwa sababu ya TV na kwa sababu ya kiburi chako, na changu kidogo. Lakini na wewe, kuwashia kila mpita njia!

Kwa disko imekwisha. Waambie wacheze gizani, vijana wanapenda.

Mama Walburga anasema daraja limekwenda na maji, atazunguka milimani kwa miguu. Sijui utaipata lini.

Hamidu


Maguu,
19 Desemba 1997

Kaka Hamidu,

Barua yako imenifikia leo, imelowa, neno ZIMA limechuruzika wino mpaka chini. Nimeipata nikiwa nimekaa mdomoni mwa tundu, tyubu mapajani. Nilipanda na betri kichwani kutoka mjini, mvua njia nzima. Jana niliiwasha hapa kujaribu, na hata juzi, nyaya zikiwa kinyume vilevile. Nukta ilikuwa kama kaa la moto linalokaribia kuwa jivu. Nikazima.

Hakuna disko. Halikuwepo.

Nisikilize, nakwambia mambo ambayo sikuruhusiwa kumwambia mtu asiye wa ukoo, na wakinifukuza wanifukuze. Baba yangu anachimba chini ya kilima, peke yake, anadhani anafuata vigingi alivyopiga mwenyewe nje ya tundu, kuelekea kwenye kijito. Anakwenda chini ya kinamasi kilichojaa. Ameapa mbele ya sengu, hawezi kuacha. Kaka yangu amevunjika mguu mle. Kamba baba haiamini kwa sababu inashikwa na mtu. Amesema ataamini kitu kisichoshikwa na mtu, na katika nchi hii nzima kitu hicho ninacho mimi, na nimekitumia kuchezea kuku.

Nilikuandikia disko kwa sababu sikutaka useme, "Si nilikwambia utarudi kwenye jembe la baba yako?" Nimerudi. Sema. Sema mara mia, lakini niambie: nikiigeuza sasa, itawaka? Hata kidogo? Hata mara moja?

Nilimfuata jana pale anapochimba. Tope linatoka ukutani lenyewe kama uji unaofurika. Nikamwambia, "Baba, hapa ni chini ya kinamasi." Akanijibu, "Wewe tangu lini ukasema kweli?" Nikarudi nje, Kaka.

Mama Walburga alinikosa mjini akanifuata mpaka huku, na amekataa kupumzika. Ameacha usipa wake kwa mama, anashuka na barua hii sasa hivi.

Tarsisi


Mbamba Bay,
21 Desemba 1997

Mdogo wangu,

Ungeandika neno "baba" mwezi uliopita, ningepanda mlima huo kwa magoti. Hayo tutayasemea mbele.

Igeuze. Kilichokwishalika hakirudi, lakini hakitazidi kulika kwa kasi ile. Inaweza kuwaka kidogo. Nakutumia rezista mpya kwenye kitambaa, yako ya zamani imeonja moto. Ikaze jirani na mwisho mwembamba. Miunganisho yote ipakwe nta ya mishumaa, unyevu utaiba umeme kabla haujafika. Mkono mmoja mfukoni.

Usiwashe kujaribu. Hata mara moja, Tarsisi, hata ukiwashwa na mkono. Ilale juu ya kitu kisichotikisika, kwenye mstari wa vigingi ambavyo mzee mwenyewe alivipiga nje siku ya kwanza. Ipange kwa jicho ikiwa imezimwa, kama unavyolenga manati. Moshi kidogo mle ndani utasaidia mstari uonekane. Mzee akiwa tayari, ndipo uguse betri.

Mimi siwezi kuvuka, mto umekula njia. Msikitini tumewaombea dua. Sikusema ni nani wala kwa nini.

Hamidu


Maguu,
28 Desemba 1997

Kaka Hamidu,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeuunguza kwenye flaibeki, kwa hiyo usicheke mwandiko. Ulisema mkono mmoja mfukoni. Nilisahau ni upi.

Siku iliyofuata Krismasi tuliipanga. Vigingi vya baba vipo bado, akavikagua yeye mwenyewe, akaviinamia, akasema, "Hivi ni vyangu, havijaguswa." Tyubu nikailaza juu ya jiwe la kusagia la mama, nikaiegemeza kwa udongo mbichi. Nta, rezista, kila kitu. Aurelia alikuwa ameshawasha majani mabichi kidogo mle ndani. Baba mdogo Edmund alikuja na wanawe, wakasimama mbali mikono nyuma, ili baba asije akasema wameshika.

Baba akavaa shati lake jeupe la misa. Akasema, "Mimi nitakaa pale ninapochimba, mwisho kabisa. Kama tundu langu limenyooka, taa itanipiga kifuani. Isiponipiga, mna neno." Akaingia. Tukamsikia anakohoa moshi, mbali, halafu akapiga kelele, "Washa!"

Nikagusa betri. Haikuwaka. Nikagusa tena, na ndipo iliponishika mkono, nikaanguka kwenye tope. Mama akapiga yowe. Nikainuka, nikagusa mara ya tatu huku nasema sala zote ninazozijua, na nyingine nilikuwa natunga papo hapo.

Ikawaka, Kaka. Hafifu, lakini ikawaka. Kwenye ule moshi mstari ulionekana, mwembamba, hauna haraka, umeingia kilimani bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Washa basi!" baba akapiga kelele.

"Imewaka, baba!"

"Hamna kitu huku! Nipo gizani! Mwongo wewe, mwongo tangu kuzaliwa!"

Tukamsikia anakuja kwa hasira, anakanyaga maji, anatukana ukoo wa mama. Nikajua anakuja kunipiga, nikakaa palepale nimeushika waya, nikisema moyoni anipige tu, mradi kipigo kinamtoa nje ya tundu. Halafu nyayo zikasimama.

Zilisimama katikati ya njia. Nikachungulia. Nukta ilikuwa ukutani, ukuta wa kulia, mbali na pale alipokuwa amekaa kuingoja. Mstari ulikuwa umenyooka ukagonga udongo, na tundu lake lilikuwa limeuacha, limekunja kushoto, limekwenda zake. Baba alitazama ile nukta. Akageuka akatazama kule alikotoka, hakuona mwisho, kona imeuficha. Akarudi kwenye nukta. Akapitisha kiganja nyuma yake, juu yake, chini yake, akitafuta mtu aliyeishika. Halafu akaweka mkono wake pale, ikakaa juu ya mshipa wa mkono wake.

Ikafifia huku mkono upo palepale. Haikukatika ghafla. Ilikwenda ikipungua, mpaka baba akawa ameshika ukuta wa giza. Nimeijaribu tena jana, imekufa kabisa, haina hata ile rangi ya embe.

Baba akatoka. Hakuchukua majembe. Alimpita baba mdogo, akasema, "Kiti ni chako," akaketi kwenye nyasi, mvua inamnyeshea shati la misa. Aurelia akamfunika. Jioni hiyohiyo, kabla hatujawasha moto wa kupikia, tukasikia mlio kama lori la mawe linamwaga mzigo. Kinamasi kilikuwa kimeshuka. Tope lilitoka mdomoni mwa tundu mpaka kwenye migomba, likiwa na mpini wa jembe.

Msimu huu kahawa tutaiuza mbichi kama wengine, na watatucheka. Hyasinti atachechemea. Kwenye sengu baba anakula karibu na mlango, na baba mdogo hakumsogeza mbele, ingawa nilidhani atamsogeza.

Nakuomba radhi kwa ile TV. Haikuungua kwa furaha, niligusa nisipoambiwa.

Nilitaka kuandika mengi zaidi, lakini leo asubuhi baba amekwenda upande wa kulia wa kilima na jembe la kuazima. Nikamfuata nikidhani anakwenda kufanya jambo baya. Amepiga kigingi kimoja. Akashika cha pili, akasogea nacho kuelekea kilimani, akanipa mgongo, akauliza, "Tarsisi. Kulia au kushoto?"

Nikasema, "Kulia kidogo, baba." Akasogea kulia kidogo. Namalizia barua hii nikiwa nyuma yake, na bado amesimama pale anangoja niseme kama imetosha.

Tarsisi